Masomo yote yamekuwa magumu kwa mpigo: mada za muhula huu katika madarasa ya kati

Swali: Binti yangu ana miaka 12 na ameanza madarasa ya kati. Shule imetuletea orodha ya mada za muhula: uwiano na asilimia, namba hasi, milinganyo, seli, usanisinuru na densiti, kusoma ramani, vyanzo vya historia, ufupisho na insha ya hoja, na utangulizi wa programu za kompyuta. Mwaka jana alikuwa anafanya vizuri. Sasa anasema kila somo limekuwa gumu kwa mpigo. Mada hizi zinahusu nini hasa, na kwa kuwa jioni nina muda mchache, nimsaidie wapi?

Jibu: Ndugu mzazi, kuna jambo ambalo orodha ya shule haikuonyeshi. Mada ulizozitaja zimetawanyika katika masomo kadhaa, lakini nyingi zinamdai mtoto kitu kimoja: kulinganisha kiasi na kiasi kwa kuzidisha na kugawanya, badala ya kujumlisha na kutoa alikozoea. Huo ndio uwiano. Umo kwenye asilimia, umo kwenye densiti, umo kwenye skeli ya ramani, kwenye ukuzaji wa hadubini, hata kwenye mstari wa wakati anaouchora katika historia. Mtoto ambaye uwiano haujamkaa sawasawa ataona masomo manne yamemgeuka ndani ya mwezi mmoja, na ataanza kujiona hana akili. Akili anazo. Amekwama mahali pamoja tu, na mahali hapo panarekebishika. Kwa hiyo kama una nusu saa ya jioni, ianzie hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Mpime hivi. Mwambie: rangi ya waridi hupatikana kwa kuchanganya vikombe 2 vya nyekundu na vikombe 3 vya nyeupe. Tukitia vikombe 6 vya nyekundu, nyeupe tutie vingapi tupate rangi ileile? Jibu ni 9. Watoto wengi wa umri huu hujibu 7, na hawabahatishi: wameona nyekundu imeongezeka kwa 4, nao wakaongeza 4 kwenye nyeupe. Ukimpa kanuni hapohapo ataikariri na kosa litabaki. Muulize kwanza: vikombe 6 kwa 7 si karibu sawa kwa sawa? Je, rangi hiyo haitakuwa nyekundu zaidi kuliko ile ya mwanzo? Akishaliona hilo, mwache aandike jedwali: 2 kwa 3, 4 kwa 6, 6 kwa 9. Kisha mpe nyekundu 5. Hapa ndipo anayejua kuzidisha mara mbili na mara tatu tu anapoanguka, kwa sababu 5 haimo kwenye jedwali lake. Njia ya kutokea ni kutafuta ya kikombe kimoja: nyekundu 1 inataka nyeupe 1.5, basi nyekundu 5 zinataka 7.5. Hatua hii ya "kimoja kinataka ngapi" ataitumia muhula mzima. Ifanyeni mpaka aitoe bila kuulizwa.

Kosa la pili la uwiano ni la kugawana. Gawa vitabu 40 kwa uwiano wa 2 kwa 3. Mtoto huandika theluthi mbili za 40, akakwama kwa sababu haigawanyiki vizuri. Alichosahau ni kwamba mafungu yote ni 5, kwa hiyo wa kwanza anachukua 2/5 na wa pili 3/5: vitabu 16 na 24. Mzoeshe kujumlisha mafungu kabla ya kugusa 40.

Asilimia ni uwiano uleule ukiwa na 100 chini, na shida yake kubwa ni kusahau ni asilimia ya nini. Namba 100 ikiongezwa asilimia 20 inakuwa 120. Ikipunguzwa tena asilimia 20 hairudi 100, inakuwa 96, kwa sababu safari hii asilimia 20 imechukuliwa kutoka kwenye 120. Kila anapotaja asilimia, muulize "ya nini?" Swali hilo dogo linakamata makosa mengi kuliko karatasi nzima ya mazoezi.

Ukiona hata jedwali la rangi linamshinda, rudi nyuma kwenye sehemu. Mpe nusu jumlisha theluthi moja. Akijibu 2/5, amejumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (namba za chini), na bado anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini. Mwonyeshe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Haiwezekani ukaongeza kitu kikapungua. Jibu ni 5/6. Anayekosea hapa asisukumwe kwenye milinganyo kwanza.

Alama ya sawasawa

Milinganyo huonekana ngumu kwa sababu ya x, ila kwa watoto wengi tatizo limejificha kwenye alama ambayo wameiandika tangu darasa la kwanza. Mwandikie hivi: 8 + 4 = ... + 5, ajaze pengo. Akiandika 12, basi kwake alama ya sawasawa ina maana ya "jibu linafuata hapa." Maana yake halisi ni kwamba pande zote mbili zina thamani moja, kwa hiyo pengo ni 7. Mtoto hawezi kutatua mlinganyo kama anaiona alama hiyo kama amri ya kutoa jibu. Kosa hilohilo hujionyesha daftarini kwa mnyororo kama 3 + 5 = 8 × 2 = 16. Jibu la mwisho ni sahihi, lakini alichoandika kinadai kwamba 3 + 5 ni sawa na 16. Mtake aanze mstari mpya kwa kila hatua. Hili walimu wengi huliachia lipite kwa kuwa jibu limepatikana, nami naona ni kosa, kwani ndilo linalozaa kuchanganyikiwa kwa baadaye.

Chukua mlinganyo wa kiwango cha muhula huu: 3(x − 2) = x + 8. Hatua ya kwanza ni kufungua mabano, na 3 inazidisha vyote viwili vilivyomo: 3x − 6 = x + 8. Toa x pande zote: 2x − 6 = 8. Ongeza 6 pande zote: 2x = 14. Gawanya kwa 2: x = 7. Sasa sehemu ambayo watoto huiruka: rudisha 7 kwenye mlinganyo wa mwanzo. Kushoto ni 3 mara 5, yaani 15. Kulia ni 7 na 8, yaani 15. Zimelingana.

Kosa linalojirudia zaidi hapo ni kuandika 3x − 2, yaani 3 imeifikia x na kuishia hapo. Akiendelea hivyo atapata x = 5. Akiirudisha, kushoto anapata 9 na kulia 13, naye mwenyewe anajua kuna kitu kimeharibika kabla mwalimu hajashika kalamu nyekundu. Ndiyo maana ninasisitiza uhakiki: unampa mtoto uwezo wa kujisahihisha, na wasiwasi wa hisabati hupungua sana mtu akishajua njia ya kujua kama amepata. Kosa la pili ni lugha ya "kuhamisha." Mtoto anaambiwa namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilisha ishara, halafu siku moja anaihamisha 2 ya 2x = 14 na kuandika x = 14 − 2. Namba haziendi popote. Tunafanya tendo moja pande zote mbili, na atamke tendo lenyewe: "natoa x," "naongeza 6," "nagawanya kwa 2."

Namba hasi

Kauli ya "hasi na hasi ni chanya" ningeiomba isitamkwe kabisa nyumbani mpaka muhula uishe. Ni kweli katika kuzidisha na kugawanya tu, ila mtoto huibeba kila mahali, akaandika −3 − 5 = 8. Jibu ni −8: uko chini ya sifuri kwa 3, unashuka tena 5. Kwa kujumlisha na kutoa, chora mstari wa namba kutoka −10 hadi 10, uwe umesimama wima kama kipimajoto, kwa sababu "juu" na "chini" hueleweka upesi kuliko "kulia" na "kushoto." Aweke kidole kwenye namba ya kwanza, kisha apande au ashuke. Kutoa namba hasi, kama −3 − (−5), ni kuondoa upungufu, kwa hiyo anapanda 5 na kufika 2.

Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Mwonyeshe mfuatano. 2 × (−3) = −6. 1 × (−3) = −3. 0 × (−3) = 0. Kila tukipunguza moja upande wa kushoto, jibu linapanda kwa 3. Tukiendelea bila kuvunja mpangilio, (−1) × (−3) lazima iwe 3, na (−2) × (−3) iwe 6. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake halisahau. Mtego mwingine wa mitihani: (−3)² ni 9, lakini −3² bila mabano ni −9, kwa kuwa kipeo kinaigusa 3 tu.

Sayansi

Densiti ni tungamo la kitu (gramu zake kwenye mizani) kwa kila kipimo cha ujazo wake. Ni ile hatua ya "kimoja kinataka ngapi" tena. Maji yana densiti ya gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, barafu takriban 0.92 ndiyo maana inaelea, alumini 2.7, chuma kama 7.9. Watoto hudhani kitu kikubwa kina densiti kubwa. Waulize: ukikata kipande cha alumini katikati, densiti ya nusu yake ni ngapi? Ni 2.7 ileile, kwa sababu tungamo na ujazo vyote vimepungua nusu.

Jaribio la kawaida ni la jiwe lisilo na umbo maalumu. Pima tungamo lake kwanza likiwa kavu, tuseme gramu 48.6. Tia maji kwenye silinda ya vipimo mpaka mililita 50, lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, lishushe polepole, soma tena. Maji yakifika 68, ujazo wa jiwe ni sentimita za ujazo 18, na densiti ni 48.6 gawanya kwa 18, yaani 2.7. Mambo yanayoharibu jaribio hili yanajulikana: jiwe likiachiwa lianguke, maji huruka nje na ujazo unapungua, viputo vya hewa vikinasa kwenye jiwe, ujazo unaongezeka, jicho likiwa juu ya usawa wa maji, usomaji unakosewa. Uso wa maji ndani ya silinda hujipinda. Husomwa sehemu yake ya chini kabisa, jicho likiwa usawa huohuo. Na jiwe likipimwa tungamo baada ya kutoka majini, maji yaliyoling'ang'ania yamehesabiwa kama jiwe.

Kwenye seli, mchoro wa seli ya mnyama na ya mmea si mgumu: zote mbili zina kiini, saitoplazimu na utando wa seli, ya mmea inaongeza ukuta wa seli, kiputo kikubwa cha maji, na, katika sehemu za kijani, kloroplasti. Kinachoangusha watoto ni ukuzaji. Lenzi ya hadubini iliyo upande wa jicho ikikuza mara 10 na lenzi ya chini mara 40, ukuzaji wote ni mara 400, huzidishwa, hazijumlishwi. Kupata ukubwa halisi, gawanya urefu wa picha kwa ukuzaji. Seli ya ndani ya shavu ikionekana na upana wa milimita 24 kwenye picha iliyokuzwa mara 400, upana wake halisi ni milimita 0.06, yaani mikromita 60. Mtoto aliyepima kwa sentimita akapata 2.4, akagawanya na kuandika 0.006 "milimita," amekosea mara kumi nzima. Ageuze kipimo kiwe milimita kabla ya kugawanya, kila mara.

Usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, unastahili muda wenu zaidi, kwa sababu fikra potofu iliyopo ni ya zamani na ina nguvu. Muulize binti yako: mti mkubwa umepata wapi mbao zake zote? Wengi hujibu udongoni. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alilifanyia kazi swali hili katika karne ya 17. Alipanda mche wenye uzito wa kilo mbili na kitu kwenye udongo mkavu wa takriban kilo 90, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ulipungua gramu zisizofika 60. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alikuwa sahihi kwamba si udongo, ila hakujua kuwa kaboni yote ya mti ule ilitoka hewani. Jani huchukua kabonidayoksaidi na maji, likatumia nishati ya mwanga kutengeneza sukari, na kutoa oksijeni. Udongo huchangia madini, ambayo ni muhimu lakini machache. Mtoto akielewa kwamba mbao ngumu imejengwa kwa gesi na maji, ameelewa mada yenyewe. Kanuni ya kemia itafuata.

Shuleni watafanya jaribio la wanga kwenye jani. Mmea huwekwa gizani siku mbili ili utumie akiba ya wanga iliyomo majanini. Hatua hii ikirukwa, jaribio zima halina maana, kwa sababu wanga utakaoonekana huenda ni wa tangu juzi. Kisha sehemu ya jani hufunikwa pande zote mbili kwa karatasi ya alumini, na mmea huwekwa juani saa kadhaa. Jani huchumwa, huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa takriban dakika moja ili seli zife na rangi ya ayodini iweze kupenya. Halafu moto unazimwa, na jani linatiwa kwenye neli yenye spiriti iliyosimamishwa ndani ya maji ya moto, mpaka rangi ya kijani itoke. Spiriti haiwekwi kwenye moto wazi hata mara moja, mvuke wake hushika moto. Kwa hiyo jaribio hili libaki shuleni na mwalimu awepo. Jani likitoka huwa linakatika kama karatasi kavu, basi husuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, ndipo linadondoshewa ayodini. Palipopata mwanga pageuke bluu inayoelekea nyeusi, ndiyo dalili ya wanga. Palipofunikwa pabaki na rangi ya kahawia ya ayodini yenyewe. Jani lote likibaki kahawia, kwa kawaida kijani hakikutoka chote au mwanga ulikuwa hafifu.

Jambo moja la kumkumbusha: mimea hupumua usiku na mchana. Watoto hukariri kwamba mchana mimea hufanya usanisinuru na usiku hupumua, na swali hilo huwaponza kila mwaka.

Ramani, historia, na mengine

Skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita 1 kwenye ramani ni sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500. Sentimita 4 ni kilomita 2. Hapo hakuna shida. Shida inaanza kwenye eneo: sentimita 1 ya mraba si nusu kilomita ya mraba, ni 0.25, kwa sababu nusu imezidishwa kwa nusu. Halafu kuna neno "skeli kubwa." Ramani ya 1:25,000 ina skeli kubwa kuliko ya 1:50,000, ingawa 50,000 ndiyo namba kubwa. Mtoto aliyeshika sehemu vizuri ataona mara moja kwamba 1/25,000 ni kubwa kuliko 1/50,000. Anayeangalia namba ya chini tu atakosea.

Kwenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, afahamu mawili. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi inainuka taratibu. Na mistari ikitengeneza umbo la V, asome namba za kimo kabla ya kujibu: ncha ikielekea kwenye kimo kikubwa ni bonde, ikielekea kwenye kimo kidogo ni mgongo wa kilima. Dira husomwa kuanzia kaskazini kwa mwendo wa saa, kwa tarakimu tatu: mashariki ni 090, si 90 tu. Muda wa dunia pia ni uwiano: nyuzi 360 kwa saa 24 ni nyuzi 15 kwa saa, au dakika 4 kwa kila nyuzi moja ya longitudo.

Katika historia mstari wa wakati hukosewa kwa namna moja: mtoto hupanga matukio kwa umbali sawa, kana kwamba ni orodha. Atumie skeli, kwa mfano sentimita 1 kwa miaka 50. Miaka 2,000 itahitaji sentimita 40, basi aunganishe karatasi mbili. Kuhesabu kuvuka KK na BK kuna mtego, kwa kuwa hakuna mwaka sifuri. Julius Caesar, mtawala wa Roma, aliuawa mwaka 44 KK, na mrithi wake Augustus akafariki mwaka 14 BK. Watoto hujumlisha na kupata 58. Jibu ni 57, kwa sababu baada ya mwaka 1 KK unafuata mwaka 1 BK moja kwa moja. Na mwaka 1498 upo karne ya 15, si ya 14.

Kuhusu vyanzo, mwanafunzi hufundishwa kutofautisha chanzo cha wakati wenyewe, kama barua au shajara, na maandishi ya baadaye yanayovieleza vyanzo hivyo. Wengi huondoka na imani kwamba cha kwanza ni cha kweli na cha pili kina mashaka. Barua ya mtawala kwa mkubwa wake iliandikwa siku ya tukio, na bado anaweza kuwa anaficha kushindwa kwake. Kwa kila chanzo ajibu kwa maandishi: nani aliandika, lini, kwa nani, alitaka kupata nini, na asingeweza kujua nini. Hilo la mwisho ndilo linalopandisha alama, na ndilo linalosahauliwa.

Ufupisho na insha ya hoja ni mada za lugha, lakini zinabeba historia na sayansi pia. Ufupisho mbaya unajulikana kwa kuangalia: ni sentensi za mwandishi zilizopunguzwa maneno. Njia inayofanya kazi ni asome aya moja, afunike, aandike sentensi moja kwa maneno yake, kisha afunue na kukagua kama ameacha jambo la msingi. Kwenye insha ya hoja, kila aya ibebe dai moja, ushahidi wake, na sentensi inayoeleza ushahidi huo unathibitishaje dai. Sehemu ya tatu ndiyo hukosekana. Mtoto huandika dai, akaweka mfano, akahamia aya nyingine, akidhani msomaji atajiunganishia. Chukua insha yake, weka kidole mwisho wa kila mfano, muulize "kwa hiyo?" Jibu analokupa kwa mdomo ndilo aliandike.

Kwenye programu za kompyuta kuna mgongano ambao shule nyingi hazimwonyeshi mtoto. Katika lugha kama Python, x = x + 1 ni maelekezo halali: chukua thamani iliyopo kwenye x, ongeza 1, ihifadhi humohumo. Katika hisabati mlinganyo huo hauna jibu. Alama ni ileile, kazi ni mbili. Mwambie waziwazi, la sivyo somo moja litabomoa kile ambacho lingine limejenga. Kosa jingine la mwanzo ni la kuhesabu marudio: ukiiambia Python irudie kutoka 1 hadi 10 kwa amri yake ya kawaida, inaishia 9. Anayeandika kwenye karatasi thamani za kila mzunguko huligundua hilo ndani ya dakika mbili.

Michezo na muziki havimo kwenye orodha yako, ila kama vipo kwenye ratiba vitakusaidia: mapigo ya moyo huhesabiwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa 4, kwa hiyo kukosea pigo moja ni kukosea manne kwa dakika, na noti ikipanda oktavu moja, mitetemo yake kwa sekunde huwa mara mbili, kutoka hezi 440 hadi 880.

Jioni yenyewe

Kusoma daftari tena na tena ndiko watoto wanakokupenda zaidi, na ndiko kunakowasaidia kidogo zaidi, kwa sababu maandishi yaliyozoeleka machoni humfanya mtu aamini anayajua. Afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu anachokumbuka kuhusu mada, kisha afungue na kujazia kwa kalamu ya rangi nyingine. Alichojazia ndicho cha kusoma. Arudie baada ya siku moja au mbili, kisha baada ya wiki. Kwa hisabati, achanganye maswali: mawili ya uwiano, moja la namba hasi, milinganyo miwili. Maswali 20 ya aina moja humfundisha kurudia njia ileile, wakati mtihani unamtaka achague njia.

Wiki mbili za mwanzo zote zipe uwiano na alama ya sawasawa, dakika 20 hadi 30 kwa jioni, na sayansi isubiri hadi uwiano utulie. Usiku akiwa amechoka mwache alale. Zoezi la usingizini hujaza daftari makosa ambayo kesho yatasomwa kama ujinga.

Ukikutana na mwalimu wa hisabati, usiulize kama anaendelea vizuri. Peleka daftari, mwonyeshe makosa matatu ya aina moja, na uliza yanaanzia mada ipi. Kama baada ya wiki nne bado anajumlisha kwenye swali la rangi, omba apimwe kwa kazi za darasa la nyuma, hasa sehemu na jedwali la kuzidisha. Pengo mara nyingi limekaa huko, na kwa mtoto wa miaka 12 anayefanya mazoezi kila siku linaweza kuzibwa kabla milinganyo haijakolea.